Kreyoni za watoto wadogo: mwongozo kamili wa kuchagua na kutunza, kuanzia dukani mpaka zinapolala

Januari moja shule ilipofungua nilikuta kabati la darasa letu la chekechea lina pakiti kumi na nane za kreyoni, hela za wazazi wamechanga wenyewe, na zote zimeshakuwa tofali. Kabati lenyewe ni la chuma, limekaa dirishani upande wa jua la jioni, juu bati tupu hamna silingi bodi, shule imefungwa mwezi mzima na madirisha yamefungwa, sasa hapo unategemea nini. Nyekundu imeungana na kijani, zingine zimechuruzika mpaka kwenye madaftari ya rafu ya chini. Nilikaa chini nikawa nazibandua moja moja kwa kisu cha mezani na zilizopona hazikufika thelathini. Toka siku hiyo nazifuatilia kreyoni kwa makini, dukani zinaponunuliwa, mezani zinapotumika na usiku zinapolala, na haya ndo nayoyafanya darasani na nyumbani kwangu.

Kwa kifupi msimamo wangu ni huu: mtoto mdogo anataka kreyoni chache, nene, za kiwanda kinachojulikana, zinazolala penye ubaridi na zinazohesabika. Pakiti kubwa ya rangi 36 nyembamba za bei ya kutupwa ni hasara hata kama mtoto ameipiga kelele dukani.

Kabla ya hatua zenyewe, ujue unanunua nini

Kreyoni ni nta ya parafini, nta ileile ya mshumaa, imeyeyushwa ikachanganywa na unga wa rangi, ikamiminwa kwenye kalibu ikapoa, ikavishwa karatasi. Ukishajua hivo utaelewa kwanini inalainika kwenye joto, kwanini inavunjika ikidondoka, na kwanini doa lake halitoki kwa maji peke yake. Shida ni kwamba dukani ukisema "nataka kala" au "nataka rangi za kuchorea" muuzaji anaweza kukuletea vitu vinne tofauti. Kuna penseli za rangi, hizo zina ncha na mti, mtoto wa miaka miwili sio wake. Kuna pasteli za mafuta, boksi limeandikwa OIL PASTELS, zinafanana sana na kreyoni ila ni laini mno, zinapaka mikono, nguo, kochi, kila kitu, mi naziacha mpaka mtoto afike miaka sita hivi. Kuna kreyoni za plastiki, ngumu, hazichafui mkono na zinavumilia joto kuliko nta, lakini rangi inatoka kwa shida mpaka ukandamize, na mtoto mdogo nguvu hiyo hana. Na kuna maka peni, ambazo kwa mtoto anayeweka kila kitu mdomoni kifuniko chake tu ni tatizo. Kwahiyo sema "kreyoni za nta, nene", na uangalie kwa macho yako.

Hatua ya kwanza: angalia mkono wa mtoto wako

Kabla ya kutoka nyumbani mpe mtoto kijiko au kijiti umwangalie anavyoshika. Mtoto wa mwaka mmoja na kitu anashika kwa ngumi nzima, kama anatwanga kwenye kinu, na anachora kwa kutumia bega. Akikaribia miaka miwili na kuendelea vidole vinaanza kuelekea chini kwenye karatasi. Akifika minne hivi ndo unaona vidole vitatu vinakaa kama vya mtu anayeandika, na hapo napo wanatofautiana, usimlazimishe wala usimkunje vidole kwa nguvu, nimeona watoto wanachukia kuchora kabisa kwasababu ya hilo.

Wa ngumi mpe nene. Kreyoni ya kawaida ina unene wa milimita 8 hivi na urefu wa sentimita 9, hiyo ngumi ya mtoto wa miaka miwili inaivunja siku ya kwanza. Zile nene, boksi linaandikwa JUMBO, zina kama milimita 11 mpaka 14, zinajaa mkononi na hazikatiki ovyo. Zipo pia za umbo la yai na za pembetatu, ya pembetatu ina faida kwamba haibingiriki mezani ikadondoka sakafuni ikavunjika, na kwa darasa lenye meza za kuinama hiyo faida ni kubwa kuliko unavyodhani.

Na sasa jambo ambalo naomba usiliruke. Viwanda vya vifaa vya watoto vinatumia kikopo cha kupimia, kina upana wa milimita 31.7 na kina chake ni cha mshazari, upande mrefu ni kama milimita 57, na kitu chochote kinachozama chote humo hakitakiwi kwa mtoto chini ya miaka mitatu maana kinaweza kumziba koo. Kreyoni nzima haizami. Kipande kinazama. Kwahiyo darasani kwangu sheria ni rahisi, kipande chochote kifupi kuliko kidole changu cha shahada kinatoka mikononi mwa wadogo papo hapo, bila kujali analia au halii.

Lakini kipande hichohicho kwa mtoto wa miaka minne au mitano ni kitu kizuri sana. Kipande cha sentimita tatu hakiwezi kushikwa kwa ngumi, hakuna nafasi, mtoto analazimika mwenyewe kukibana kwa ncha za vidole na hapo ndo anajifunza mshiko wa penseli bila wewe kusema neno. Kwahiyo vipande situpi, navihamisha. Vinaenda kwenye kopo la wakubwa.

Hatua ya pili: soma boksi, hata kama muuzaji anakuharakisha

Mtoto atailamba. Sio labda, atailamba, kwahiyo boksi inabidi lisomwe kama unavyosoma kopo la maziwa.

Tafuta neno NON-TOXIC, ila neno hilo peke yake kila mtu anaweza kuliprinti. Linapata uzito likiwa na kitu pembeni. Alama ya duara yenye herufi AP inatolewa na taasisi ya Marekani inayopima vifaa vya sanaa na maana yake mtaalamu wa sumu amepitia mchanganyiko wake. Maandishi ya ASTM D-4236 yanaonyesha bidhaa imepitiwa na kuwekewa lebo kwa utaratibu wa Marekani, na EN 71 ni kiwango cha Ulaya cha usalama wa midoli, sehemu yake ya tatu ndo inahusu madini kama risasi kutoka kwenye rangi. Huku kwetu Tanzania angalia nembo ya shirika la viwango, TBS, Kenya ni KEBS, Uganda ni UNBS. Alama ya CE ni tamko la mtengenezaji mwenyewe, usiitegemee ikiwa peke yake.

Angalia pia kile kiduara chekundu chenye uso wa mtoto na 0-3 imekatwa na mstari. Watu wengi wanaona ni pambo. Kinasema kifaa hiki kisipewe mtoto chini ya miaka mitatu, na utakikuta kwenye kreyoni nyingi nyembamba, hapo mtengenezaji mwenyewe ameshakuambia.

Kwanini nasisitiza hivi? Mwaka 1994 Marekani tume yao ya usalama wa bidhaa iliondoa sokoni kreyoni zilizoingizwa kutoka nje baada ya kukutwa na madini ya risasi, na risasi inaharibu ubongo wa mtoto bila dalili ya haraka, huoni kitu mpaka baadaye. Mwaka 2000 tena ikaibuka habari ya asbesto, yale madini ya nyuzinyuzi yanayoharibu mapafu, ilikuwa imeingia kupitia unga wa talki unaotumika kukazia nta, viwango vilivyokutwa vilikuwa vidogo ila viwanda vikakubali kubadilisha mchanganyiko. Hiyo ni nchi yenye maabara kila kona. Sisi tunaonunua juu ya turubai soko la Kariakoo, Dar, kinachotulinda ni macho yetu, kwahiyo boksi lisilo na jina la kiwanda, lisilo na nchi, lisilo na anwani, lenye maneno ya Kiingereza yamekosewa herufi, mi naliacha hata likiwa buku.

Hatua ya tatu: majaribio ya dukani, dakika mbili tu

Gusa boksi kwanza. Kama lilikuwa juani litakuwa la moto, na jua la Mtaa wa Kongo saa saba mchana unalijua. Litikise sikioni, ukisikia vipande vinagongana humo ndani ujue zimeshakatika. Omba kufungua, muuzaji wa steshenari akikataa kabisa nenda duka la pili. Angalia ncha, zikiwa zimepinda au zimeshikana zimeshayeyuka mara moja na zitavunjika upesi.

Harufu ya nta ni hafifu, kama mshumaa. Ikinuka mafuta ya taa au rangi ya ukutani, rudisha. Ikinuka stroberi au vanila nayo rudisha, tena hiyo naikataa kwa nguvu zaidi, pamoja na zile za umbo la tunda, pipi au koni ya aiskrimu. Huwezi kumpa mtoto wa miaka miwili kitu chenye umbo na harufu ya pipi halafu umwambie asile.

Kuna aina moja imejaa kwenye maduka yetu na watoto wanaipenda sana, ile ya bomba la plastiki yenye vincha vidogo ndani, ncha ikiisha unaichomoa unaichomeka nyuma ya pili inasukumwa mbele. Kila kincha ni kipande kidogo kinachotoka chenyewe, kina ukubwa wa kupita kooni kabisa. Kwa mtoto chini ya miaka mitano usinunue.

Mwisho chora. Chukua karatasi, chora mstari bila kukandamiza, kama vile mkono wako hauna nguvu. Rangi ikitoka wazi ni nzuri. Kama unaona mstari wa kung'aa kama mshumaa na rangi kidogo tu, hiyo ni nta nyingi rangi kidogo, mtoto atakandamiza weee mpaka avunje, afu utasema mtoto mharibifu. Ukiona ukungu mweupe kama unga juu ya kreyoni usiogope, sio fangasi, ni nta imepanda juu kwa kukaa muda mrefu, futa na kitambaa kikavu inaondoka.

Hatua ya nne: rangi ngapi na zipi

Boksi la kwanza kabisa la kreyoni za kiwanda cha Crayola, mwaka 1903 huko Marekani, lilikuwa na rangi nane na liliuzwa senti tano: nyeusi, kahawia, bluu, nyekundu, zambarau, chungwa, njano na kijani. Mpaka leo sijaona mtoto wa miaka mitatu aliyehitaji zaidi ya hizo. Ukimmwagia 24 anatumia muda wote kuzichambua, kuzimwaga, kuzipanga, kuchora hachori, na wewe jioni unatafuta tisa chini ya kochi.

Kwa wa mwaka mmoja mpaka miwili mi natoa tatu tu, tena za kukolea: nyeusi au bluu, nyekundu, kijani. Njano na nyeupe kwenye karatasi nyeupe hazionekani, na kwa mtoto huyu raha yote ni kuona mkono wake umeacha alama, asipoona alama anaacha. Kuanzia miaka miwili na nusu panda mpaka sita au nane. Minne na kuendelea kumi na mbili zinatosha kabisa, hata akienda darasa la kwanza.

Ila kuna rangi moja naipigania, kahawia. Darasani nikisema chora mama, watoto wengi wananyoosha mkono kwenye pinki hafifu au ile ya pichi, kwasababu kuna mtu mkubwa kawaambia hiyo ndo rangi ya ngozi. Ngozi ya nani? Mama yake amekuja kumleta asubuhi, tumemwona wote, hana rangi hiyo. Crayola wenyewe walikuwa na kreyoni waliyoipa jina la "ngozi" kwa Kiingereza, mwaka 1962 wakalibadilisha ikawa pichi, na mwaka 2020 wakatoa boksi la rangi 24 za ngozi za watu mbalimbali. Boksi hilo sio lazima ulitafute. Pakiti za bei ya kawaida zina kahawia moja, hiyohiyo inafanya kazi kubwa: mwonyeshe mtoto kupaka kidogo bila kukandamiza inatoka ngozi ya maji ya kunde, akikandamiza inakolea, akipitisha nyeusi nyepesi juu inakolea zaidi, akianza na chungwa kidogo afu kahawia juu inatoka nyingine nzuri sana. Mweke mkono wake juu ya karatasi alinganishe mpaka aipate yake. Nimeona mtoto akitulia dakika ishirini kwenye zoezi hilo, mtoto ambaye kwa kawaida hakai dakika tano. Na kwakuwa kahawia itaisha kabla ya zote, ukipata duka linalouza moja moja chukua za akiba.

Hatua ya tano: siku ya kwanza nyumbani

Usimkabidhi boksi. Fungua mwenyewe, toa zile tatu au nane, zingine weka juu ya kabati. Boksi la karatasi lenyewe halidumu wiki kwa mtoto mdogo, kata ule upande wenye jina la kiwanda na alama uubandike ndani ya kifuniko cha kopo utakalotumia, maana siku mtoto akimeza ukaenda hospitali daktari atauliza ni nini alichokula.

Kwa wa chini ya miaka miwili navua karatasi zote. Wapo walimu wanaoziacha na sababu zao naziheshimu, ila mi nimeona mtoto wa umri huo anamenya karatasi na kuitafuna, na kreyoni tupu inamruhusu kuilaza na kupaka kwa ubavu, anapata eneo kubwa la rangi kwa nguvu kidogo. Kwa wakubwa acha karatasi, inasaidia isivunjike.

Akipaliwa. Kama anakohoa kwa nguvu na sauti inatoka mwache akohoe, kaa naye. Kama hawezi kukohoa, kulia wala kupumua, usichokonoe kidole mdomoni bila kuona kitu, unaweza kukisukuma ndani zaidi. Mtoto chini ya mwaka mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, mpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5, kisha mgeuze bonyeza katikati ya kifua kwa kitako cha kiganja kimoja mara 5. Wa zaidi ya mwaka muinamishe mbele mpige mgongoni mara 5, kisha pita nyuma yake, ngumi juu kidogo ya kitovu, sukuma ndani na juu mara 5. Rudia hivyohivyo mpaka kitoke, na mtu mwingine awe anatafuta usafiri muda huohuo. Akizimia, mlaze chini chali, anza kumbonyeza kifua, na msiache mpaka mfike kwa daktari.

Akiwa amemeza tu kipande cha kreyoni yenye alama nilizotaja, anapumua vizuri na anacheza, mpe maji, itatoka na choo na choo kinaweza kuwa na rangi. Akitapika, au hujui boksi lilikuwa la nini, nenda hospitali na kilichobaki mkononi.

Hatua ya sita: zinalala wapi

Hapa ndo wengi tunaharibikiwa. Kreyoni ya nta inaanza kulainika kwenye nyuzijoto 40 hivi, na ikipita 50 inayeyuka. Unasema Dar haifiki 40, kweli, Februari tunacheza kwenye 32, 33 kivulini. Lakini kreyoni haikai hewani, inakaa kwenye kabati la chuma, juu ya friji, dirishani, ndani ya begi jeusi juani, chini ya bati lisilo na silingi, na huko joto ni lingine kabisa. Gari lililofungwa juani linapita 50 bila shida, dashibodi ndo mbaya zaidi. Ndugu zetu walioko Muscat na kwingine Ghuba hawana hata haja ya gari, Juni na Julai nje kwenyewe mara nyingi inafika 40 au inapita, kwahiyo huko kreyoni hazitoki kwenye chumba chenye kiyoyozi, na ukimtumia mtoto wa kaka yako zawadi mwambie aibebe ndani.

Ukitaka kujua pa kuziweka jiulize bibi angeweka wapi mtungi wa maji. Ile kona ya chini, ya kivuli, isiyopigwa na jua asubuhi wala jioni, yenye upepo unaopita. Sakafu ya saruji ndo sehemu ya baridi kuliko zote ndani ya nyumba ya bati, kule juu karibu na paa ndo tanuri. Kwahiyo rafu ya chini kabisa, au chini ya kitanda, ila nyanyua kidogo kwa kipande cha ubao kwasababu masika unyevu unapanda. Jikoni hapana, jiko linaongeza joto na mtoto anaona kama ni chakula. Kwenye friji pia hapana, sababu hiyohiyo ya chakula, na zikitoka baridi zinakuwa kavu zinakatika kama njiti.

Chombo. Kopo la plastiki la aiskrimu au la siagi lenye kifuniko kinachofungwa kwa kubonyeza, limeoshwa mafuta yote na kukaushwa, ndo bora kuliko vyote nilivyojaribu. Kifuniko mtoto anakifungua mwenyewe, na kopo likiwa jeupe au la kuonekana ndani anajua kilichomo. Kopo la bati linashika joto, na ukiwa pwani, Tanga, Mombasa, Unguja, chumvi ya hewani inalila linapata kutu lenye makali. Chupa ya kioo usithubutu. Laza kreyoni, usizisimamishe zikaegemea, maana zikilainika kidogo zinapinda kama migomba.

Kifuniko sio cha urembo. Karatasi ya kreyoni inagandishwa kwa gundi ya wanga, Crayola kwa mfano wanatumia wanga wa mahindi na maji, na mende wanapenda wanga. Panya nao nta wanaitafuna, aliyewahi kuacha mshumaa stoo anajua. Usiku kopo lifungwe.

Darasani, kabla ya likizo ndefu, usiache chochote chini ya bati. Kusanya makopo yote kwenye ndoo moja yenye kifuniko, ipelekwe ofisini au kwa mwalimu anayekaa jirani. Tangu tumeanza hivyo hatujapoteza hata moja kwa joto.

Hatua ya saba: kutoa na kurudisha

Zihesabu wakati wa kutoa na wakati wa kurudisha, na mtoto. "Tumetoa nane, ngapi zimerudi?" Wa miaka mitatu atajifunza hesabu hapo bila daftari. Ikikosekana moja tunatafuta wote kabla ya kufanya kingine chochote, chini ya meza, kwenye mifuko ya kaptula (kreyoni iliyofuliwa na nguo za shule inaharibu beseni zima). Na mtoto achore akiwa amekaa. Kutembea na kreyoni mdomoni ni marufuku kama kutembea na mswaki.

Madoa

Ukutani, kitambaa chenye unyevu na beking soda kidogo au dawa ya meno nyeupe, sugua taratibu, jaribu kwanza nyuma ya mlango kwasababu rangi ya maji ya ukutani inaweza kutoka nayo. Nguo: weka barafu doa ligande, kwangua na kijiko, weka tishu juu na chini, pitisha pasi ya moto mdogo, badilisha tishu mpaka nta isiendelee kutoka, kisha paka sabuni ya maji ya vyombo, acha kidogo, fua. Usianze na maji ya moto, yanasambaza nta. Kanga jaribu pembeni kwanza isije ikachuja. Zilizoyeyukia ndani ya begi, tia begi lote kwenye friza usiku mmoja, asubuhi linyonge, zinabanduka zenyewe.

Hatua ya nane: vipande visivyoshikika tena

Vikibaki vidogo mpaka hata wakubwa hawawezi, viyeyushe upya, lakini hii ni kazi ya mtu mzima na watoto wawe nje. Loweka kwenye maji ya vuguvugu karatasi zitoke, kausha, tenga kwa rangi, maana ukichanganya zote unapata tope. Chemsha maji kwenye sufuria, weka ndani yake kopo la bati lenye vipande, maji ndo yaiyeyushe nta. Usiweke kopo moja kwa moja kwenye mkaa au gesi, nta ikizidi moto inawaka, na ikiwaka usimwagie maji, funika na mfuniko. Kopo hilo lisirudi kwenye chakula tena.

Kalibu: boksi la kiberiti, ile droo yake ya ndani, lizungushie karatasi ya foili ndani isivuje. Mimina, acha ipoe yenyewe kama saa moja, bandua foili. Unapata kreyoni ya kibapa, fupi na nyembamba kidogo lakini pana, ya kupaka kwa ubavu. Hiyo ni ya wenye miaka mitatu na kuendelea, droo ya kiberiti ni fupi kuliko kidole cha shahada. Ukitaka ya wadogo kunja foili utengeneze kihori cha urefu wa sentimita 8 na upana wa vidole viwili, kifukie kwenye sahani ya mchanga kisimame, mimina humo. Ikiwa ya kwanza imetoka na mashimo katikati ni kwamba nta ilisinyaa ikipoa, bakiza nta kidogo, na ukiona shimo linaanza ongezea kabla haijaganda.